Cherehani ya mama inatosha

Msomaji wa Tabata ameniandikia barua ndefu ambayo naifupisha hapa. Ana cherehani nyeusi ya kukanyaga aliyoachiwa na mama yake. Anashona magauni, sare za shule na mapazia bila shida. Sasa anataka kuwashonea wanawe wawili kwilti za kitandani, yaani shuka za matabaka matatu yaliyoshonwa pamoja, na juu yake achore maua na mizunguko kwa uzi, mchoro mmoja usiokatika. Amejaribu mara tatu. "Nilitoa mguu wa kushonea kama nilivyoelekezwa," anasema, "lakini chini uzi unajisokota kama kiota cha ndege, sindano mbili zimevunjika, na mshono mahali pengine ni mrefu, mahali pengine umerundikana. Fundi wa mtaani ameniambia cherehani hii haiwezi kazi hiyo, nitafute ya kisasa ya umeme. Na mama mkwe anasema kwilti ya cherehani si kwilti, ya kweli hushonwa kwa mkono. Nifanyeje?"

Dada yangu, usinunue kitu. Cherehani yako inaweza, na kwa kazi hii inaweza vizuri kuliko nyingi za plastiki zinazouzwa leo. Nitakueleza kwa nini, lakini kwanza nikuondolee kile kiota, kwa sababu najua kinavyokatisha tamaa. Unakata, unachomoa nyuzi mojamoja, unaanza upya, kinarudi palepale.

Nenda Kariakoo asubuhi, kabla watu hawajajaa. Tafuta fundi wa tarizi, wale wanaodarizi shingo za kanzu na magauni ya vitenge kwa cherehani. Msalimie, mweleze unajifunza, omba usimame pembeni dakika kumi. Tazama cherehani yake, mara nyingi ni nyeusi kama yako. Kitambaa amekibana kwenye fremu ya duara, kimekaza kama ngozi ya ngoma. Mguu wa kushonea hakuna. Sindano inapanda na kushuka mahali palepale, na yeye anaisogeza fremu kwa vidole vya mikono yote miwili. Kikonyo kinatokea, jani linatokea, anarudi juu ya jani kulijaza, anateremka kwenye kikonyo kingine. Hiyo ndiyo kazi unayoitaka. Huyo anafanya kila siku kile ambacho fundi wa mtaani kwako amesema hakiwezekani.

Sasa inama kidogo utazame nyuma ya kichwa cha cherehani, pale penye wenzo wa kushushia mguu. Mguu hakuna, lakini wenzo ameushusha. Akitaka kuhamisha fremu anaunyanyua, na kabla ya kukanyaga tena anaushusha. Mkono wake hufanya hivyo wenyewe, kwa hiyo hata ukimuuliza anafanyaje hatakumbuka kukutajia. Mimi nilikaa na fundi wa namna hiyo Magomeni wiki nzima, miaka mingi iliyopita, na ni siku ya nne ndipo nilipouona ule wenzo.

Wenzo haushushi mguu tu. Ndio unaofunga zile sahani mbili ndogo zinazobana uzi wa juu. Ukiunyanyua, sahani zinaachana na uzi unapita huru, ndiyo maana ukimaliza kushona unaweza kuvuta nguo na uzi ukafuata. Mtu aliyetoa mguu haoni sababu ya kushusha wenzo. Ashushe nini, na mguu haupo? Basi anakanyaga. Uzi wa juu unamiminika bila kizuizi, bobini (kile kigurudumu cha uzi wa chini) inauvuta wote chini, na kabla hujapiga hatua kumi za sindano kiota kimeshajaa. Kwa jinsi ulivyoeleza, nina hakika hilo ndilo lililokupata. Na hata siku nyingine, ukiona fujo chini ya kitambaa, anza kutafuta kosa juu: wenzo, sahani, njia ya uzi. Watu wengi hukimbilia kulaumu bobini na kuanza kukaza skrubu zake, wakaharibu kilichokuwa kizima.

Lakini usimuige fundi wa tarizi katika kila kitu. Yeye ana kitambaa kimoja kilichokazwa. Wewe una matabaka matatu, kitambaa cha juu, ujazo wa katikati na bitana chini. Sindano ikizama kwenye matabaka hayo halafu ikapanda, inanyanyua kitambaa nacho. Hapo uzi haupati nafasi ya kuacha kitanzi kidogo chini, ile ndoana inayozunguka bobini inapita bila kukamata kitu, na mshono unaruka. Fremu ndiyo inayomzuilia yeye kitambaa kisinyanyuke. Kwako wewe kazi hiyo itafanywa na mguu wa kudarizi. Ni mguu mdogo wenye pete au umbo la kiatu cha farasi chini, na springi juu. Sindano ikizama, pete inakandamiza. Sindano ikitoka, pete inaachia, nawe unapata nafasi ya kusogeza. Tena unalinda vidole vyako, jambo ambalo sitaki ulichukulie kwa wepesi. Sindano ya cherehani ya kukanyaga haijui kusimama ghafla.

Maduka ya vipuri vya cherehani Kariakoo wanauza miguu hiyo. Beba mguu wako wa kawaida uende nao, muuzaji alinganishe kimo cha shingo, kwa kuwa kuna cherehani za shingo fupi na za shingo ndefu, na nyeusi nyingi za nyumbani ni za shingo fupi. Kama mguu utakaopata una kikono cha waya kinachochomoza kando, kikono hicho kinakaa juu ya skrubu inayoshika sindano. Kikikaa chini yake mguu hautanyanyuka, na utadhani umeuziwa kibovu.

Kisha meno. Katika kushona kwa kawaida meno ndiyo yanayosukuma kitambaa nyuma, wewe unaongoza tu. Katika mshono huu ulio huru meno yanapumzishwa, na mikono yako inachukua kazi yao. Cherehani nyingine zina kitufe au skrubu ya kuyateremsha. Chunguza sehemu ya chini na pembeni mwa meza ya cherehani yako kabla ya kukata tamaa, maana nimekutana na watu walioishi na kitufe hicho miaka ishirini bila kujua ni cha nini. Kama hakuna, weka urefu wa mshono kwenye sifuri, meno yatapanda na kushuka bila kusukuma mbele. Yakikukera kwa kugusa bitana, kata kipande cha plastiki nyembamba ngumu, kitoboe tundu la sindano, ukibandike juu ya sahani ya sindano, lile bamba la chuma lililo chini ya mguu, kwa gundi ya karatasi. Mimi nilitumia kifuniko cha kopo la siagi kwa miezi.

Hapo kwenye sahani ya sindano ndipo cherehani yako inapozishinda nyingi za kisasa. Tazama tundu lake, ni la duara, dogo, linaloruhusu sindano tu. Cherehani zinazoshona zigizaga zina tundu refu la ubavuni, na kitambaa hupata nafasi ya kuzama humo pamoja na sindano, hasa kona zinapokaza. Yako inakishika kitambaa pande zote. Pia inaendeshwa kwa unyayo, mikono yote miwili iko huru, na umeme ukikatika jioni haisimami. Cherehani ya mkono pekee ndiyo siishauri, kwa sababu mkono mmoja unazungusha gurudumu na mmoja uliobaki hauwezi kuongoza matabaka matatu.

Nimekwambia mikono inachukua kazi ya meno. Maana yake urefu wa kila hatua ya sindano sasa hauamuliwi na namba yoyote kwenye cherehani. Unaamuliwa na unyayo na mikono vikikubaliana. Ukikanyaga haraka na mikono ikaenda taratibu, hatua zinarundikana. Ukikanyaga kwa woga na mikono ikakimbia, hatua zinakuwa ndefu kama bandi, ile mishono mirefu ya kushikiza kwa muda. Umewahi kuona wanawake wawili wanaotwanga kinu kimoja? Hakuna anayemwangalia mwenzake mchi. Wanasikiliza. Mmoja akiongeza kasi peke yake, michi inagongana. Sindano zako mbili zilivunjika hivyohivyo. Mkono ulivuta kitambaa wakati sindano iko chini, sindano ikapinda, iliposhuka tena ikagonga chuma cha sahani badala ya tundu.

Wanaoanza karibu wote hukanyaga polepole mno kwa sababu wanaogopa. Inaonekana ni busara, kumbe ndiyo inayowaharibia. Kanyaga kwa mwendo wa kati usiobadilika, usikilize mlio wa cherehani mpaka uwe mmoja, halafu mikono iende taratibu ndani ya mlio huo. Ukifika kwenye kona usipunguze unyayo. Punguza mikono kidogo, ukitoka kwenye kona uirudishie. Unalenga hatua za milimita 2 hadi 2.5, yaani kama 10 hadi 12 kwa inchi, lakini usikae na rula. Jicho litakuonyesha hatua zinazofanana, na zinazofanana hupendeza hata zikiwa fupi kidogo au ndefu kidogo.

Sasa vitambaa, na hapa nataka tukae kidogo, kwa kuwa mafundisho mengi ya kwilti yameandikwa na watu wa nchi za baridi. Wao wanatafuta joto. Dar es Salaam mtoto hahitaji kwilti nene, hata mwezi wa saba. Kwa hiyo achana na ile faiba nene ya mito na makochi wanayotumia mafundi wa Keko. Ni nyepesi na inavutia kuitazama, lakini inaruka kama springi chini ya mguu, matabaka yanatelezeana, na anayejifunza anadhani kosa ni lake. Nunua blanketi jepesi la pamba au flaneli kwenye mitumba ya Karume, lifue, likaushe vizuri juani, likate. Hutulia, hulala, sindano hupita bila kugombana nalo. Ukitaka wepesi zaidi, tandika kanga kuukuu katikati. Kwilti ya kanga tatu ni shuka zito linalofaa kabisa joto letu. (Na kama katika hao wawili yuko mtoto ambaye hajatimiza mwaka, kwilti yake iwe ya kuchezea sakafuni mchana. Mtoto mchanga asilale na kitu laini kilicholegea kitandani.)

Kitambaa cha juu na bitana vifue kabla ya kukata. Kanga mpya ina wanga unaoifanya isimame kama karatasi, na baadhi ya rangi huvuja. Heri ivuje ndani ya beseni kuliko juu ya bitana nyeupe baada ya majuma ya kazi. Matabaka yakishapangwa, yalaze sakafuni yakiwa yamenyooka, anza katikati kwenda pembeni, uyafunge kila baada ya upana wa kiganja kwa zile pini zinazojifunga tulizokuwa tukifungia nepi. Kama huna pini za kutosha, piga bandi kwa mkono kwa uzi wa rangi tofauti, mistari ya kwenda na ya kukatiza. Wengi huruka hatua hii kwa haraka ya kuanza kuchora. Bitana isiyofungwa hujikunja chini ambako huioni, ukija kugeuza kazi unakuta umeshonea mkunjo ndani, na hakuna dawa ila kufumua.

Sindano iwe mpya. Kwa kanga tatu tumia namba 14. Ukiwa na blanketi katikati, namba 16. Sindano butu huruka mishono na kupasua nyuzi, na watu huhangaika na skrubu siku nzima kwa kosa la sindano ya miezi sita. Uzi nao uujaribu. Uvute mita moja uupitishe vidoleni. Ukiwa na vinundu na manyoya, au ukikatika kwa kuvutwa kidogo, huo ni wa bandi, usiupeleke kwenye kazi hii. Juu na chini weka rangi moja kwa sasa. Toa sahani ya sindano, piga brashi vumbi lote linalokaa chini ya meno na kuzunguka bobini, tia tone moja moja la mafuta ya cherehani kwenye matundu yake, ushone kitambaa cha kutupa mpaka mafuta yasionekane.

Ndipo uanze, na usianze na ua la kubuni. Chukua kanga yenye mchoro wa korosho, ifanye kuwa kitambaa cha juu, na ufuate kwa sindano mistari iliyokwisha chapwa. Naipenda njia hii kuliko zote nilizowahi kufundisha. Anayejifunza ana mizigo miwili, kujua aende wapi na kujua aende kwa mwendo gani. Kanga inakutua mzigo wa kwanza. Korosho ina tumbo la mviringo, ina mkia uliopinda, ina ncha kali, yaani kila aina ya kona utakayohitaji maishani. Pindo lina mistari mirefu ya kukutuliza mkono. Katikati, kwenye mji, mara nyingi kuna mchoro mkubwa wenye nafasi. Jina liache mpaka mwisho, herufi ni ngumu. Ukipotoka milimita mbili, wingi wa rangi unakuficha, na ukigeuza upande wa bitana unakuta korosho zako zimetokea zenyewe kwa uzi mtupu, hapo ndipo utakapoona mkono wako ulivyo kweli. Kwa dada mmoja niliyemfundisha, upande ule wa nyuma ndio alioutandika juu.

Kabla ya hatua ya kwanza, shusha mguu, geuza gurudumu kwa mkono hadi sindano izame na kupanda mara moja, vuta uzi wa juu polepole, na uzi wa bobini utakuja juu kama kitanzi. Uvute wote utoke. Shika ncha zote mbili kwa vidole, piga hatua tatu nne fupi mahali pamoja, halafu ondoka. Ukiacha uzi wa bobini chini, utanaswa kwenye mshono na kukupa kiota kidogo cha mwanzo, ukadhani ugonjwa wa zamani umerudi. Na kwa cherehani ya kukanyaga, anzisha gurudumu kwa mkono kuelekea kwako kila mara. Likirudi nyuma kwa hatua moja tu, uzi unakatika.

Macho yasitazame sindano. Sindano haihitaji kutazamwa, iko palepale. Tazama unakokwenda, nusu inchi mbele ya pete ya mguu, kama mtu anayeendesha baiskeli kwenye njia ya mchanga. Mikono ilaze pande mbili za sindano kama unayepiga pasi kwa viganja, usikamate kitambaa kwa ngumi. Kwa jasho letu viganja huteleza, kwa hiyo nunua glavu za pamba zenye vitone vya mpira wanazovaa mafundi ujenzi. Mikono ikifika kwenye mabega ya mguu, simama na sindano ikiwa chini, hamisha mikono, endelea. Kusimama na sindano juu kunaacha mruko kwenye mchoro ambao utauona kila utakapotandika kitanda.

Jioni, ukiwa umechoka na cherehani, chukua penseli na karatasi uchore njia moja isiyonyanyuka. Mizunguko inayopanda na kushuka, njia ya nyoka isiyojikata, majina ya watoto kwa mwandiko wa kuunganisha. Mwangalie pia mchora hina anavyofanya kazi. Yeye naye huanza na kikonyo kimoja kinachopita katikati ya mkono, jani linatoka kulia, jani linatoka kushoto, anarudi juu ya mstari uleule aliopita ili afike kwenye ua linalofuata. Kule kurudi juu ya mstari wenyewe ndiko kunakofanya mchoro usikatike, na mkono ukishazoea kwenye karatasi hautauliza njia kwenye kitambaa. Robo saa ya penseli na robo saa ya cherehani kila siku kwa wiki mbili itakufikisha mbali kuliko Jumapili nzima ya kuhangaika mpaka mgongo uume.

Baada ya siku chache utageuza kazi na kuona, kwenye kona, nyuzi ndogo zimesimama upande wa bitana kama kope za jicho. Hapo mikono ilikimbia kwenye kona, uzi wa juu ukavutwa ukalala nje ya mstari. Kwanza tuliza mikono. Zikibaki hata ukienda taratibu, kaza uzi wa juu kidogo sana, ujaribu, ukaze tena kidogo. Na ukiona uzi wa bobini unachungulia juu, legeza wa juu. Bobini iguse mwisho kabisa. Itoe pamoja na kibweta chake, ining'inize kwa uzi wake, uitikise kidogo kama unayemwaga tone la maji. Inatakiwa iteremke sentimita chache isimame. Ikianguka moja kwa moja hadi sakafuni imelegea, isipoteremka kabisa imekaza, nawe ugeuze skrubu yake robo mzunguko, si zaidi. Ukishapata kipimo kizuri, weka alama ndogo kwa kalamu ya rangi.

Kuhusu ukubwa, hapa nikwambie ukweli bila kuupaka sukari. Nafasi kati ya sindano na nguzo ya cherehani ya nyumbani ni kama shubiri moja. Kwilti nzima ya kitanda cha mtoto utalazimika kuikunja kama mkeka ili ipite hapo, na uzito unaoning'inia mezani utaivuta kazi dhidi ya mikono yako. Mishono mingi mirefu ya kustukiza hutokana na uzito huo. Viwanda vya nje vina mashine za shingo ndefu ambazo kwilti hukazwa kwenye fremu na kichwa cha mashine ndicho kinachotembea. Wewe huhitaji hiyo. Shona vipande vya ukubwa wa nusu mita kwa nusu mita, kila kimoja na matabaka yake matatu, uvichore vikamilike, halafu uviunganishe na kufunika maungio kwa utepe wa kitenge. Acha sentimita tatu za pembeni bila kuchora ili upate pa kuunganishia. Vipande sita vinatosha kitanda kidogo. Kama ni lazima kiwe kitu kimoja, sogeza meza nyingine ya kimo kilekile kushoto na nyuma ya cherehani, uzito ulale juu yake.

Mama mkwe mwambie kwa heshima kwamba mabishano hayo ni ya zamani hata huko kwilti zinakoenziwa sana. Marekani, mjini Paducah, Kentucky, kuna maonyesho makubwa ya kwilti kila mwaka. Mwaka 1989 tuzo ya juu ilikwenda kwa Caryl Bryer Fallert, na kwilti yake ilikuwa imechorwa kwa cherehani. Ilikuwa mara ya kwanza kwa kazi ya cherehani kuchukua tuzo hiyo, na watu walinung'unika kama anavyonung'unika yeye. Mimi naamini mkono unaoongoza kitambaa chini ya sindano ni mkono uleule, na kosa lake huonekana vilevile. Lakini mshono wa mkono wa wazee wetu una utulivu wake ambao cherehani haiupati. Kama mama mkwe anaujua, mwombe akushonee utepe wa pembeni kwa mkono, upande wa bitana. Kwilti itakuwa ya wote wawili.

Ncha za nyuzi usizikate karibu na kitambaa, zitachomoka siku ya kwanza ya kufua. Ziache ndefu kama kidole, zifunge fundo dogo, zitunge kwenye sindano ya mkono, zama nayo kati ya matabaka, tokea inchi moja mbele, vuta mpaka fundo lizame ndani, ndipo ukate.

Na vile vipande vitatu vilivyokushinda, usivitupe. Kata viota kwa mkasi mdogo upande wa chini, weka mguu wa kudarizi, shusha wenzo, ushone mistari mipya pembeni ya ile ya zamani kwenye vitambaa vilevile. Kisha vigeuze. Ukikwama tena, niandikie, na uniambie unachokiona upande wa bitana kabla ya kuniambia cha juu.